Benki kuu ikishusha riba, kampuni yenye mkopo wa riba inayobadilika inaokoa kiasi gani hasa?

Mzee wa Mizania (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila benki kuu inapotangaza kushusha riba, naona hesabu ileile ikizunguka: kampuni fulani ina deni la milioni 500, riba imeshuka kwa asilimia 1, basi faida inaongezeka kwa milioni 5. Watu wananunua hisa kwa hesabu hiyo. Nimekaa miaka mingi kwenye idara za hazina za makampuni, na hesabu hii inanikera kwa sababu wanaoumia nayo ni wawekezaji wadogo wanaoweka akiba zao. Naomba tuifuate ile asilimia 1 tangu inapotoka benki kuu hadi inapofika kwa mwanahisa, tuone inamegwa wapi na wapi.

Tuchukue kampuni ya mfano yenye deni la jumla la dola milioni 500. Kati ya hizo, milioni 200 ni hati fungani zenye riba isiyobadilika. Ziweke pembeni. Benki kuu ishushe au ipandishe, kuponi, yaani riba ya hati hizo, inabaki ileile hadi siku hati zinapoiva.

Zinabaki milioni 300 za mkopo wa benki wenye riba inayobadilika. Mkataba unasema: SOFR jumlisha asilimia 2.5. SOFR ndiyo riba ya rejea ya dola siku hizi, inayotokana na mikopo ya usiku mmoja inayodhaminiwa na hati za serikali ya Marekani. Ile 2.5 ni nyongeza ya benki, na uamuzi wa benki kuu hauigusi. SOFR ikiwa 5.3, kampuni inalipa asilimia 7.8. SOFR ikishuka hadi 4.3, inalipa 6.8. Kwa hiyo riba ya rejea imepungua karibu moja ya tano, lakini bili ya kampuni imepungua kama moja ya nane tu. Kadiri kampuni inavyoonekana hatari machoni pa benki, ndivyo nyongeza inavyokuwa kubwa, na ndivyo sehemu ya bili inayosikia uamuzi wa benki kuu inavyokuwa ndogo.

Sasa kinga. Katika zile milioni 300, hazina iliingia mkataba wa kubadilishana riba, ambao sisi huuita swopu, kwa milioni 180. Kampuni inamlipa mwenzake wa mkataba asilimia 3.5 isiyobadilika, naye anailipa kampuni SOFR. Gharama halisi ya hizo milioni 180 ni 3.5 jumlisha 2.5, yaani asilimia 6, SOFR iwe 5.3, 4.3 au 1. Riba ikishuka kwa asilimia 1, malipo ya kampuni kwa benki yanapungua kwa milioni 1.8 kwa mwaka, na wakati huohuo inachopokea kutoka kwenye swopu kinapungua kwa milioni 1.8. Zinafutana. Sehemu iliyobaki wazi ni milioni 120, na akiba yake ni milioni 1.2.

Halafu kuna fedha taslimu, ambazo karibu kila mchambuzi wa mitandaoni huziruka. Kampuni yetu ina milioni 50 kwenye amana za muda mfupi. Amana hizo zinalipwa riba inayofuata soko, kwa hiyo kushuka kule kule kunakula laki tano ya mapato ya riba. Tumebaki na laki saba.

Mwisho kodi. Gharama ya riba hupunguza faida inayotozwa kodi, na ikipungua, kodi inapanda. Kwa kodi ya asilimia 25, laki saba inakuwa 525,000.

Milioni 5 imegeuka kuwa nusu milioni na kidogo, na hapo hatujagusa muda. Karibuni kwa maswali, na wenye uzoefu wa benki na ukaguzi mtusaidie.

Dada Hesabu

Shikamoo mzee. Nimeipenda hii, nimeisoma mara mbili. Naomba uguse huo muda. Nilisoma ripoti ya robo ya nne ya kampuni moja baada ya riba kushuka Septemba, na gharama ya riba ilikuwa karibu sawa na robo iliyotangulia. Wakati huo Fed, yaani benki kuu ya Marekani, ilikuwa imeshusha mara tatu. Akiba ilijificha wapi?

Mzee wa Mizania

Marahaba dada. Haikujificha, ilikuwa bado haijafika.

Mikopo mingi ya riba inayobadilika haibadiliki kila siku. Mkopaji huchagua kipindi cha riba, mara nyingi mwezi mmoja, mitatu au sita. Kiwango kinawekwa mwanzoni mwa kipindi na kinakaa hapo hadi kipindi kiishe. Tazama mwaka 2024. Fed ilishusha kwa nusu asilimia tarehe 18 Septemba, ikashusha robo asilimia Novemba na robo nyingine Desemba, ikatoka kwenye wigo wa 5.25 hadi 5.50 na kufika wigo wa 4.25 hadi 4.50. Kampuni iliyopanga kiwango chake mwanzoni mwa Septemba kwa miezi mitatu ililipa kiwango hicho hadi mwanzoni mwa Desemba, huku magazeti yakiimba kushuka kwa riba kila wiki. Robo yako ya nne ilibeba miezi miwili ya kiwango cha zamani na mmoja tu wa kiwango kipya. Hapo ongeza kwamba tunazungumzia mwaka ulioanza na riba ikiwa kileleni kwa miezi zaidi ya minane. Riba ya mwisho wa mwaka ilikuwa chini kwa asilimia 1 kamili, lakini wastani wa mwaka ulishuka kidogo sana. Akiba ya 2024 iliingia kwenye hesabu za 2025.

Kuna jambo linalofanya kazi upande wa pili. SOFR ya muda, ile inayotangazwa mwanzoni mwa miezi mitatu, inabeba matarajio ya soko. Soko likiamini Fed itashusha baada ya wiki tatu, kiwango cha miezi mitatu kinaanza kushuka kabla Fed haijasema neno. Ndivyo ilivyokuwa majira ya kiangazi ya 2024. Kwa hiyo kampuni iliyopanga kiwango chake mwanzoni mwa Septemba ilikuwa tayari imeonja sehemu ya kushuka ambako hakujatangazwa. Ukiona kampuni inapata nafuu kabla ya tangazo, hiyo ndiyo sababu. Na siku ya tangazo lenyewe, kama soko lilikuwa limeshalimeza, huenda kiwango cha miezi mitatu kisitikisike hata kidogo.

Wengine wanatumia SOFR ya kila siku inayolimbikizwa na kujulikana mwisho wa kipindi. Kwa hao nafuu huanza siku chache baada ya uamuzi, ila mweka hazina hajui bili yake kamili hadi kipindi kinapokaribia kwisha. Kwa hiyo ukisoma ripoti, tafuta maneno yanayoeleza kiwango kinapangwa lini na kwa kipindi gani. Ni sentensi moja tu kwenye maelezo ya mikopo, na inakupa jibu la swali lako.

Mkopeshaji

Nimekaa upande wa benki, naomba nichangie kwa sababu uzi huu unakwenda vizuri lakini kuna kitu kimeachwa: riba inashuka kwa nini?

Benki kuu inaweza kushusha kwa sababu mfumuko wa bei umetulia na uchumi uko salama. Hiyo ni nafuu halisi kwa mkopaji. Lakini inaweza kushusha kwa sababu uchumi unayumba, na hapo mkopaji anapata nafuu kwenye riba huku mauzo yakimponyoka. Mimi kama mkopeshaji siangalii riba peke yake. Naangalia faida ya uendeshaji inagharamia riba mara ngapi. Kampuni yenye faida ya uendeshaji ya milioni 40 na riba ya milioni 20 inamudu mara 2. Riba ikipungua kwa asilimia 10 ikawa milioni 18, na faida ikapungua kwa asilimia 20 ikawa milioni 32, uwezo umeshuka hadi chini ya mara 1.8. Kama mkataba unataka mara 1.9, kampuni imevunja sharti katika mwaka ambao riba yake imeshuka. Tukifika hapo benki inaweza kudai ada ya kusamehe sharti na kupandisha nyongeza. Kwa kampuni yenye milioni 120 zilizo wazi, nyongeza ikipanda kwa nusu asilimia kwenye mkopo mzima wa milioni 300 hiyo ni milioni 1.5, na ile milioni 1.2 aliyoihesabu mzee imekwisha. Kumbuka pia swopu haikingi nyongeza. Inakinga riba ya rejea tu.

Mikataba mingi ina ngazi za nyongeza zinazofuata uwiano wa deni kwa faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Faida ikishuka, uwiano unapanda, kampuni inapanda ngazi yenyewe bila mazungumzo yoyote na benki. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona wasimamizi wa fedha wanaojua riba ya benki kuu hadi tarakimu ya mwisho, lakini hawajui wako ngazi ya ngapi.

Na historia inatufundisha kitu kikali zaidi. Tarehe 8 Oktoba 2008, katikati ya msukosuko, Fed ilishusha riba hadi asilimia 1.5. Siku mbili baadaye Libor ya dola ya miezi mitatu ilikuwa takriban asilimia 4.8. Libor ilipimwa kwa mikopo ya benki kwa benki isiyo na dhamana, na wakati ule benki ziliogopana. Kampuni zenye mikopo iliyofuata Libor ziliona bili ikipanda wiki ileile ambayo benki kuu ilishusha. SOFR haina hofu hiyo ndani yake kwa kuwa imedhaminiwa na hati za serikali. Libor ya dola iliyotokana na makadirio ya benki ilikoma mwisho wa Juni 2023. Ila hofu haikufa. Imehamia kwenye nyongeza, na inaonekana siku kampuni inapokuja kukopa upya.

Mzee wa Mizania

Mkopeshaji, ahsante sana. Nilikuwa naisubiri hiyo ya 2008, na umeieleza kuliko ambavyo ningeieleza mimi.

Kijana wa Chuo

Wakuu, mimi ni mwanafunzi wa fedha mwaka wa pili. Naomba kuuliza: kama swopu inazuia kampuni kufaidi kushuka kwa riba, kwa nini kampuni isiivunje tu riba inapoanza kushuka? Na je, kampuni yenye swopu imepata hasara?

Mzee wa Mizania

Swali zuri kijana. Nitaanza na la pili kwa sababu ndilo linalopotosha wengi.

Riba za soko zikishuka, thamani ya swopu ya kulipa kiwango kisichobadilika inashuka. Ikivuka sifuri inageuka kuwa dhima kwenye mizania. Watu wanaona dhima hiyo, wanasema hazina imecheza kamari ikapoteza. Lakini kampuni iliingia swopu ili gharama yake iwe asilimia 6, na gharama yake ni asilimia 6. Kazi iliyokusudiwa imefanyika. Lile linaloitwa hasara ni tofauti kati ya ulichokubali kulipa na ambacho ungelipa kama ungejua yatakayotokea.

Kuhusu kuivunja: swopu haivunjwi bure. Ukiivunja ikiwa na thamani hasi unalipa thamani hiyo leo, na thamani hiyo ni zile tofauti zote za baadaye ambazo soko tayari linazitarajia. Umelipa mkupuo mmoja ili usilipe kidogo kidogo. Huwezi kupata kitu cha ziada hapo isipokuwa riba ishuke kuliko soko linavyotarajia, na kama una uhakika wa kulishinda soko la riba, hiyo ni biashara nyingine kabisa, tofauti na ile ambayo wanahisa walikupa fedha zao uifanye.

Msimamo wangu ni huu, na sitauficha: kiwango cha kinga kiwekwe kwa sera, kwa kuangalia biashara inaweza kubeba mtikisiko kiasi gani, na kisibadilishwe kila utabiri mpya unapotoka. Kumbuka kilichotokea. Machi 2022 riba ya Fed ilianza kupanda kutoka kwenye wigo wa sifuri hadi 0.25. Julai 2023 ilikuwa 5.25 hadi 5.50. Kampuni yenye milioni 300 wazi ilipandishiwa bili kwa zaidi ya milioni 15 kwa mwaka katika muda wa miezi kama kumi na sita. Zile zilizoacha kujikinga 2021 kwa sababu riba ilikuwa chini na swopu ilionekana gharama ya bure zilitafuta kinga 2022 ikiwa tayari ghali. Na kila riba inaposhuka, nasikia hoja ileile ya 2021.

Anayetaka kufaidi kushuka bila kuacha kinga anaweza kununua dari ya riba. Unalipa ada mwanzoni, riba ikivuka dari unafidiwa, ikishuka unafaidi yote. Ada ndiyo bei ya uhuru huo, na ni fedha taslimu inayotoka siku ya kwanza, kwa hiyo kampuni yenye ukwasi mdogo huikwepa hata pale inapoifaa zaidi kuliko swopu.

Kalamu ya Mkaguzi

Habari za humu ndani. Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Naongeza jambo ambalo limewahi kugharimu kampuni nyingi za Ulaya na ambalo sioni likitajwa: sakafu ya riba.

Mikataba mingi inasema riba ya rejea ikishuka chini ya sifuri, itahesabiwa kuwa sifuri. Mingine inaweka sakafu juu zaidi, nusu asilimia au hata asilimia 1. Chini ya hapo kampuni haiokoi chochote hata benki kuu ishushe vipi. Kwa mkopo wa dola wakati riba ni asilimia 4 sakafu ya sifuri inaonekana haina maana. Kwa faranga ya Uswisi ni suala la leo, maana Benki ya Taifa ya Uswisi ilirudisha riba yake kwenye sifuri Juni 2025.

Hatari kubwa iko pale mkopo una sakafu na swopu haina. Euribor, riba ya rejea ya yuro, ya miezi mitatu iliingia chini ya sifuri Aprili 2015 na haikurudi juu hadi Julai 2022. Chukua kampuni yenye mkopo wa yuro milioni 100, sakafu sifuri, na swopu isiyo na sakafu ambamo inalipa asilimia 0.8. Euribor ikiwa chini ya sifuri kwa nusu asilimia, upande wa mkopo kampuni inalipa sifuri jumlisha nyongeza ya benki. Upande wa swopu inalipa 0.8, na badala ya kupokea Euribor inalazimika kuilipa ile nusu asilimia hasi pia. Gharama imekuwa 1.3 jumlisha nyongeza, wakati bodi iliambiwa ni 0.8 jumlisha nyongeza. Laki tano za yuro kila mwaka, na kila riba ilipozidi kushuka gharama iliongezeka. Mkopaji wa riba inayobadilika aliyejikinga alikuwa anaumizwa na kushuka kwa riba. Mimi nikifungua faili la mkopo wenye kinga, kifungu cha sakafu ndicho cha kwanza kukitafuta, kwenye mikataba yote miwili, kikiwa kimewekwa sambamba.

Kuna suala la wapi akiba inaonekana. Kampuni inayojenga kiwanda au bwawa la umeme kwa mkopo haipeleki riba ya ujenzi kwenye faida na hasara. Kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 23, riba hiyo huongezwa kwenye gharama ya mali inayojengwa. Riba ikishuka, fedha taslimu inaokolewa kweli, lakini faida ya mwaka huu haisogei. Itaonekana kidogo kidogo kwa miaka mingi kupitia uchakavu mdogo. Mwekezaji anayeangalia faida peke yake atasema kushuka kwa riba hakukuisaidia kampuni.

Na kodi, mzee, umeipitia haraka mno. Nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani zina ukomo wa riba inayoruhusiwa kupunguza kodi, kwa kawaida asilimia 30 ya kipimo cha faida ya uendeshaji. Riba zilipopanda, kampuni zenye madeni mazito zilivuka ukomo huo, na ile riba ya ziada haikuzipa unafuu wa kodi mwaka ule. Kwa kampuni iliyo juu ya ukomo, riba ikishuka akiba yake haikatwi kodi kwa asilimia 25 kama kwenye mfano wako. Inabaki nzima mpaka irudi chini ya ukomo. Kwa hiyo zenye madeni mazito zinaweza kupata zaidi kwa kila senti ya kushuka kuliko zenye madeni ya wastani.

Mzee wa Mizania

Kalamu, hilo la ukomo wa kodi ni la thamani kubwa. Wasomaji walichukue kama sehemu ya mfano wa juu.

Mwanahisa wa Kudumu

Wazee, nimewafuata. Naomba mnisaidie na kampuni ninayomiliki hisa zake, siitaji. Mkurugenzi wa fedha amesema kwenye mkutano kwamba mwaka ujao gharama ya riba itapanda, huku riba za soko zikishuka. Wanahisa walimzomea. Mimi mwenyewe sikumwelewa. Deni haliongezeki, mkopo mkubwa ni wa riba inayobadilika. Anatudanganya?

Mzee wa Mizania

Ndugu, bila kuona hesabu siwezi kumtetea wala kumhukumu. Lakini anachosema kinawezekana kabisa, na kwa kampuni nyingi zilizokopa 2020 na 2021 ndicho hasa kinachotokea. Angalia mambo mawili.

La kwanza, swopu inaiva lini? Rudi kwenye kampuni yetu ya mfano. Milioni 180 zimekingwa kwa 3.5. Swopu ikiisha wakati SOFR ni 4.3, hizo milioni 180 zinahamia kwenye 4.3. Riba ya soko imeshuka kutoka 5.3, kila gazeti linasema mikopo imekuwa nafuu, na gharama ya kampuni imepanda kwa asilimia 0.8, yaani dola milioni 1.44 kwa mwaka. Ile milioni 1.2 iliyookolewa kwenye sehemu iliyo wazi imemezwa. Kama swopu ilifungwa 2021 kwa chini ya asilimia 1, mruko ni mkubwa zaidi ya hapo.

La pili, hati fungani zinaiva lini? Zile milioni 200 nilizoziweka pembeni zinarudi sasa. Tuseme zilitolewa 2021 kwa kuponi ya asilimia 3 na zinaiva mwaka ujao. Kuzikopa upya kwa asilimia 5.5 kunaongeza milioni 5 kwa mwaka. Na hapa kuna mtego: riba ya hati fungani za muda mrefu haimfuati gavana wa benki kuu. Kati ya Septemba na Desemba 2024 Fed ilishusha kwa asilimia 1 nzima, na katika miezi hiyohiyo riba ya hati za serikali ya Marekani za miaka 10 ilipanda kutoka takriban 3.6 hadi zaidi ya 4.5. Mkopaji wa muda mfupi alipata nafuu na mkopaji wa muda mrefu akaumia, kwa wakati uleule.

Kwa hiyo linganisha riba mpya na riba ambayo kampuni inalipa leo baada ya kinga. Kuilinganisha na kilele cha soko cha mwaka jana hakukusaidii, kwa sababu pengine kampuni yako haikuwahi kukilipa kilele hicho.

Mwanahisa wa Kudumu

Nimefungua ripoti. Mkopo wa riba inayobadilika ni milioni 90. Swopu ni ya milioni 75, inaiva Machi mwaka ujao, kiwango 1.2. Fedha taslimu milioni 20. Hakuna hati fungani. Riba ya rejea siku ya ripoti ilikuwa 4.

Dada Hesabu

Naomba nijaribu, mzee atasahihisha. Leo zilizo wazi ni milioni 15, na amana ni milioni 20. Maana yake kwa sasa kushuka kwa riba kunaipunguzia kampuni kipato! Riba ikishuka kwa asilimia 1 inaokoa 150,000 kwenye mkopo na kupoteza 200,000 kwenye amana. Halafu Machi swopu ikiisha, milioni 75 zinatoka 1.2 kwenda 4. Hiyo ni 2.8, yaani milioni 2.1 kwa mwaka mzima. Kwa miezi tisa baada ya Machi ni karibu milioni 1.6.

Mzee wa Mizania

Hakuna cha kusahihisha dada. Nitaongeza tu kwamba hata riba ya rejea ikishuka hadi 3 kabla ya Machi, ongezeko bado ni milioni 1.35 kwa mwaka. Ili gharama ya milioni hizo 75 isipande, riba ya rejea ingebidi ifike 1.2.

Ndugu Mwanahisa, mkurugenzi wako wa fedha hajawadanganya. Ila ana swali la kujibu: kwa nini hakuna kinga iliyopangwa kuanzia Machi? Swopu inaweza kufungwa leo ianze kazi tarehe ya baadaye. Huenda ipo na imeandikwa kwenye maelezo ya matukio baada ya tarehe ya mizania. Tazama huko kwanza.

Kalamu ya Mkaguzi

Na ukiwa huko, tafuta jedwali la unyeti wa riba. IFRS 7, kanuni nyingine ya kimataifa ya uhasibu, inaitaka kampuni ionyeshe faida na mtaji vingebadilika vipi riba ikipanda au kushuka kwa kiasi kinachowezekana. Usilichukue kama utabiri. Jedwali hilo hupiga picha ya siku moja, kwa hiyo swopu inayoiva Machi huhesabiwa humo kana kwamba itaendelea kuwepo. Kwenye kampuni yako litaonyesha unyeti mdogo sana, na namba hiyo itakuwa sahihi kwa siku ya mizania na isiyofaa kwa mwaka ujao. Lisome pamoja na jedwali la madeni na swopu kuiva, ambalo mara nyingi liko kurasa chache mbele.

Mwanahisa wa Kudumu

Nimelipata. Jedwali linasema asilimia 1 inabadilisha faida kabla ya kodi kwa 50,000 tu. Na kwenye matukio baada ya mizania kuna swopu mpya: milioni 45, inaanza Machi, kiwango 3.4, miaka mitatu.

Dada Hesabu

Basi kuanzia Machi zinazobaki wazi ni milioni 45. Ukitoa amana za milioni 20, ni milioni 25. Kila asilimia 1 ya kushuka ni nafuu ya 250,000 kabla ya kodi, mara tano ya hiyo 50,000 ya kwenye jedwali.

Mkopeshaji

Sawasawa. Na usisahau kuangalia kampuni iko ngazi ya ngapi ya nyongeza.